Pampu ya maji ya boti inawaka usiku na bomba zote zimefungwa

Naandika hii kabla sijasahau mana imeninyima usingizi siku tatu na nusura tununue pampu mpya bure.

Boti ninayoiangalia inalala ghuba ya Msasani hapa Dar, wikiendi inaenda visiwa vya Mbudya au Bongoyo. Ina pampu ya volti 12 ya diaframu (inasukuma maji kwa utando wa mpira) yenye swichi ya presha, ukifungua bomba presha inashuka inawaka yenyewe, ukifunga inapanda inazima. Nyingi zinawaka kwenye psi 25 hivi (psi ni kipimo cha presha) na kuzima kwenye 40, angalia kibandiko cha yako. Sa nimelala ndani, bahari imetulia, nasikia trrr, sekunde moja, kimya. Dakika kumi baadae tena trrr. Mpaka alfajiri.

Pampu ikiwaka na hamna anayetumia maji ujue presha inatoroka mahali, kwaiyo cha kujiuliza ni inatoroka kwenye mabomba huko mbele au inarudi nyuma kwenye tenki? Fundi aliyekuja hakuuliza ilo, alisikiliza tu akamwambia mzee mwenye boti pampu imekufa, anunue nyingine. Iliniuma sana aisee, hela ya watu ile.

Nikaanza na tishu. Nilizungushia kila kiungo tishu kavu jioni, asubuhi nikapita na tochi moja moja mpaka chini ya sinki, zote kavu. Usisahau shawa ya nyuma ya wanaotoka kuogelea, watu wanaachia kitufe cha kichwani wanaona wamefunga kumbe koki yenyewe iko wazi, na kama una hita ya maji kagua valvu yake ya usalama, inadondosha taratibu wala huioni.

Afu nikafunga koki iliyo mbele tu ya pampu, maji yanapotoka kwenda kwenye mabomba, na hapa ndo utapata jibu. Ukiifunga pampu ikanyamaza, panapovuja ni huko mbele kwenye mabomba. Ikiendelea kuwaka shida ni pampu yenyewe. Yangu iliendelea! Nikazima umeme, nikafungulia presha itoke, nikalegeza skrubu za kichwa cha pampu. Kwenye valvu, kale kampira keusi ka duara, kulikuwa na kachembe keupe kadogo kuliko punje ya mchele kamekaa ukingoni kabisa, valvu haikai sawa, maji yanarudi kwenye tenki pole pole na presha inashuka. Nimekatoa kwa ukucha. Basi, hako ndo kalitaka kutununulisha pampu nzima.

Kametokea wapi? Nikafungua chujio lililo kati ya tenki na pampu, neti hamna, kuna mtu aliitoa akaona inapunguza maji. Na sisi tunajaziwa na boza, mara nyingine ni maji ya kisima, yanakuja na mchanga na magamba ya chumvi. Jamani msitoe neti ya chujio, ioshe tu kila ukijaza tenki.

Nimerudisha kila kitu nikawasha, sasa pampu haizimi kabisa na bomba linatema hewa. Hii ni shida ya upande wa kuvuta, kutoka kwenye tenki hadi kwenye pampu, na inasumbua mana huku maji hayamwagiki nje, ni hewa inaingia ndani, chini unakuta pakavu. Ule mpira wetu wa kuvutia maji unaonyesha ndani, nikaona mapovu yanaanzia kwenye chujio. Oringi ya mfuniko, ile pete ya mpira ya kuziba, ilikuwa imejikunja. Nikaipaka grisi ya silikoni, nikaikalisha vizuri, pampu ikazima.

Pampu ikiwa inazunguka kinyonge, pima volti kwenye waya za pampu yenyewe wakati inafanya kazi, sio kwenye betri. Betri yetu ilisoma 12.6, kwenye pampu 10.8, kiungo cha waya kimekuwa kijani kwa kutu. Nilikata nikaunga upya.

Na mkishuka kwenye boti zimeni swichi ya pampu. Mpira ukichomoka mkiwa nyumbani itamwaga tenki lote chini ya sakafu, afu itazunguka kavu na inaweza kuungua.

Jumamosi mzee alilala na familia huko Mbudya. Niliisikia mara ya mwisho saa nne usiku wakipiga mswaki, sikuisikia tena mpaka saa kumi na mbili asubuhi mama alipojaza birika la chai.