Bourbon, Tennessee na Kazi ya Pipa

Jioni ya leo nimemimina wiski mbili za Marekani katika glasi ndogo, Maker's Mark ya Kentucky, ambayo ni ya aina iitwayo bourbon, na Jack Daniel's ya Tennessee, nikawa nazionja kwa zamu. Barafu sikutia, kwa kuwa baridi huifumba harufu, na wiski isiyonukia imepoteza zaidi ya nusu ya raha yake.

Ili iitwe bourbon, wiski lazima itokane na nafaka ambayo angalau asilimia 51 yake ni mahindi, kisha ihifadhiwe katika chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani kwa moto. Kwangu mimi, sharti la upya wa chombo ndilo linaloamua mengi. Joto la kiangazi cha Kentucky huisukuma pombe ndani ya mbao, baridi ikaivuta nje, na pipa ambalo halijawahi kutumika hutoa kwa ukarimu rangi ya kahawia iliyokolea pamoja na harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Mengi ya mapipa hayo, yakishamaliza kazi, huuzwa Uskoti, ambako hutoa ladha ya upole zaidi.

Maker's Mark hutumia ngano mahali ambapo wengi hutia rai, nafaka yenye ukali wa viungo, na ulaini wa ngano niliuhisi mapema. Ina asilimia 45 ya alkoholi. Matone machache ya maji yaliituliza, na utamu wake ukajitokeza.

Jack Daniel's ilinukia ndizi mbivu. Kabla ya kuingia pipani, wiski hii hudondoshwa polepole katika rundo la makaa ya mti ambao utomvu wake huchemshwa ukawa shira. Aliyemfundisha Jack Daniel, mwanzilishi wa kiwanda chake, kukeneka alikuwa Nathan Green, aliyeitwa Nearest, mtu Mweusi aliyekuwa utumwani, ambaye baada ya kuachwa huru akawa mkuu wa kwanza wa ukenekaji katika kiwanda hicho. Kampuni ilianza kuisimulia habari hiyo waziwazi mwaka 2016, na kuchelewa huko kunanikera, kwa kuwa waonjaji hueleza harufu ya vanila kwa aya nzima bila kumtaja fundi.

Kwa ladha tupu, ningechagua ile ya ngano. Hata hivyo, glasi ya Tennessee ndiyo niliyoijaza tena.