Siku moja ya mkunga: simu hutangulia gari

Saa moja asubuhi. Kituo chetu cha afya, huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ni cha daraja la tatu: tunazalisha, lakini upasuaji uko daraja la nne au hospitali. Napokea zamu, nahesabu oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, nachomeka simu ya wodi kwenye sola, naangalia salio. Watu wakimwona mkunga na simu hudhani anachati.

Asubuhi yote ni kliniki ya wajawazito: presha, mkojo, vyandarua.

Saa saba mchana. Mama wa mimba ya kwanza. Saa tatu njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita 5. Sasa ni 6, na mstari wa tahadhari wa partografu, chati ya kufuatilia uchungu, huhesabu sentimita moja kila saa. Ameuvuka mstari huo. Kituo kisicho na upasuaji hakingoji mstari wa pili, ule wa kuchukua hatua, kwa sababu barabara nayo inakula muda.

Napiga simu hospitali kabla ya kuandika barua ya rufaa. Mpokeaji akijua mapema, anamwita mtu wa ganzi na kutafuta damu. Barua ikifika na mgonjwa, maandalizi yanaanzia getini. Namba ya daktari haipatikani, amemaliza zamu akaondoka na simu yake. Ndiyo maana nasisitiza rufaa ziwe na simu ya wodi, isiyotoka wodini! Namba ya pili inaita, sauti inakatika. Natuma SMS, ambayo hupita hata mtandao ukiwa dhaifu: umri, mimba ya ngapi, njia na saa ilipopimwa, mapigo ya mtoto, presha, dawa alizopewa. Naomba wanijibu kwa kurudia maelezo hayo, maana "sawa" peke yake hainiambii kama wameelewa.

Dereva naye: gari lipo, mafuta hakuna. Ndugu wanachanga kwa simu.

Mmoja wao ananijia: "Sista, pesa imeingia, ila wakala hana pesa taslimu."

Kijana wa boda anakimbilia wakala wa sokoni. Mimi naweka dripu na katheta, namlaza mama kwa ubavu, nasikiliza moyo wa mtoto: 148, bado ndani ya 110 hadi 160. Tena. Na tena. Miguu inauma, na wodini kuna mwingine anayesukuma.

Gari linaondoka jua likielekea kuzama. Baadaye napiga kuuliza matokeo, na pia saa aliyoingia chumba cha upasuaji. Muda kati ya simu yangu na kisu naandika kwenye rejista. Ndio tunaoupeleka kikao cha wilaya tukidai mafuta.