Jinsi nilivyoacha kuitegemea eth0 nikifunga Linux kwenye seva 12

Kazi ilikuwa kufunga (kusakinisha) AlmaLinux 9, aina mojawapo ya Linux, kwenye seva 12 za chuo kimoja, zote kupitia mtandao, kwa faili moja la Kickstart, yaani faili la majibu linaloendesha ufungaji wenyewe. Faili nilikuwa nalo tangu enzi za CentOS 6, na mstari wake wa mtandao ulitaja eth0, jina la zamani la poti ya kwanza ya mtandao. Ili jina hilo lirudi, niliongeza net.ifnames=0 kwenye maelekezo ya kerneli (kiini cha Linux), nikawasha zote.

Zote 12 zilimaliza bila kulalamika. Baada ya kujiwasha upya, 7 ziliitika ping (ujumbe wa kupima kama mashine inafikika) na 5 zikanyamaza. Nilichomeka skrini kwenye mojawapo, nikaandika ip link, amri inayoorodhesha poti za mtandao: eth0 inasema NO-CARRIER, yaani haina kebo, na eth2 ndiyo iliyo hai. Nikaandika ethtool -p eth0 15, amri inayomulika taa ya poti kwa sekunde 15, nikamwomba mwenzangu aangalie nyuma ya raki.

"Kaka, inayomulika ni ile ya kwenye bodi, wala haina kebo. Kebo iko kwenye kadi ya chini."

Hapo nikaelewa. Kila seva ina poti 2 za Broadcom kwenye bodi mama na kadi ya Intel ya poti 4. Draiva (programu zinazoendesha kadi) ni mbili, tg3 ya Broadcom na igb ya Intel, na kerneli hugawa majina ya eth kwa kufuata poti iliyotangulia kuonekana. Wakati wa kufunga, igb ilikuwa imetangulia. Mfumo ulipowaka wenyewe, tg3 ikawahi. Anwani ya IP ikabaki kwenye eth0, lakini eth0 sasa ni poti nyingine kabisa. Hali hii inaumiza kwa sababu hakuna kosa lolote linaloandikwa popote.

Niliondoa net.ifnames=0 ili nitumie majina yanayotokana na mahali kadi ilipo, utaratibu ulioingia kwenye systemd (programu inayosimamia huduma za Linux) toleo la 197 mwaka 2013. Ni utaratibu mzuri, na ningemshauri yeyote asiuzime. Ila kwenye seva 9 poti yangu iliitwa enp4s0f0, na kwenye 3 zilizoongezewa kadi ya diski ikaitwa enp6s0f0, kwa kuwa namba za basi la PCI, njia inayounganisha kadi na bodi mama, zilisogea. Faili moja la Kickstart haliwezi kutaja majina mawili.

Kitu pekee kisichobadilika ni anwani ya MAC, namba ya kipekee ya kila poti, ya ile poti ambayo seva imewakia. Pxelinux, programu inayoiwasha seva kupitia mtandao, inaijua tayari; ukiiwekea IPAPPEND 2 inaikabidhi kwa kerneli kama BOOTIF=01-a0-36-9f na kuendelea. Ile 01 ya mwanzo ni alama ya etheneti, zinazofuata ndizo MAC yenyewe. Mstari wangu wa Kickstart ukawa hivi:

network --bootproto=dhcp --device=bootif --bindto=mac

Usiisahau --bindto=mac. Bila hiyo, mpangilio unafungwa kwenye jina, na tunarudi kulekule.

Bado nilitaka jina moja kwenye seva zote, maana sheria za ukuta wa moto na skripti za ufuatiliaji zinataja jina. Kwa hiyo sehemu ya %post ya Kickstart, yenye amri zinazoendeshwa mwishoni mwa ufungaji, inasoma BOOTIF kutoka /proc/cmdline (maelekezo ambayo kerneli iliwashwa nayo), inakata ile 01, inageuza vistari kuwa nukta pacha, kisha inaandika /etc/systemd/network/70-lan0.link, faili linaloipa jina poti yenye MAC hiyo:

[Match]
MACAddress=(MAC iliyosomwa)

[Link]
Name=lan0

Nililichagua lan0 makusudi. Ukilazimisha jina la eth0, linaweza kugongana na lile ambalo kerneli yenyewe inagawa wakati huohuo.

Jaribio la kwanza jina halikubadilika, na saa nzima ilipotea hapo. Poti ilikuwa ikipewa jina mapema, ndani ya initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kupakiwa seva inapowaka), ambako faili langu halikuwepo. Niliongeza dracut -f, amri inayoitengeneza upya initramfs, mwishoni mwa %post, kwa toleo la kerneli lililofungwa, na lan0 ikatokea.

Nikafunga upya zote 12, mara mbili. Kisha nikahamisha kadi ya diski kwenye seva moja hadi sloti nyingine na kuiwasha: lan0 ileile, IP ileile. Kadi ya mtandao ikifa na kubadilishwa, faili la .link litahitaji MAC mpya, kwa hiyo nimebandika lebo yenye MAC mbele ya kila seva, na chini yake nimeandika njia ya faili.