Great Smoky Mountains: kwa dubu weusi, kila kitu kinaanzia kwenye mwaloni

Tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains kupitia Townsend, jimbo la Tennessee, Marekani, mwishoni mwa Septemba. Kiingilio hakuna, ila gari likiegeshwa zaidi ya dakika 15 lazima liwe na stika ya maegesho, dola 5 kwa siku. Inunue kabla, maana ndani ya hifadhi mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Dubu weusi humu wanakadiriwa kuwa 1,900, na huu ni msimu mzuri wa kuwatafuta kwa sababu wanakula karibu bila kupumzika.

Barabara ya bonde la Cades Cove ni mzunguko wa kilomita 18 wa kwenda upande mmoja tu. Tenga saa mbili hadi nne. Dubu mmoja akitokea, magari yote yanaganda. Jumatano usipange kabisa kwenda na gari: kuanzia Mei hadi Septemba, siku hiyo ni ya baiskeli na waenda kwa miguu.

Kabla ya kumwona dubu tuliona kinyesi chake. Kimoja kilijaa mbegu nzima za cheri pori, chakula cha mwisho wa kiangazi. Kingine, kibichi zaidi, kilikuwa cha kahawia na chengachenga za maganda ya kokwa za mwaloni. Ukikuta hicho cha pili, acha kukodolea macho uwandani. Tazama juu ya miti.

Na kweli, jike mmoja alikuwa kwenye panda ya mwaloni mweupe, mita kumi hivi kutoka ardhini. Alikuwa akivuta tawi kwa mkono, analivunja, anachuma kokwa kwa midomo, kisha analiacha lining'inie. Kwenye gome la shina kulikuwa na mikwaruzo mipana ya kucha zake na kando yake mistari myembamba, ya watoto. Sheria inakataza kumsogelea dubu ndani ya mita 46, lakini kipimo cha kweli ni yeye mwenyewe: akiacha kula na kukutazama, umeshamkaribia mno.

Msimu huu dubu anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku. Dume wa kiangazi ana kama kilo 113, jike zaidi kidogo ya 45, na kufikia mwisho wa vuli uzito unaweza kuongezeka maradufu. Kwa jike, mafuta hayo ndiyo yanayoamua kama atazaa. Dubu hupandana Juni na Julai, yai linarutubishwa, linagawanyika kidogo, kisha linasimama. Kiinitete huelea ndani ya mji wa mimba miezi kadhaa bila kujipachika. Novemba au Desemba, kama mwili una akiba ya kutosha, kinajipachika na mimba inaanza kukua. Kama akiba haitoshi, mwili unakifyonza na mwaka huo hakuna uzazi. Kwa maoni yangu, hakuna jambo la kustaajabisha zaidi kuhusu mnyama huyu.

Kwa hiyo kokwa zikikosekana, matokeo yanaonekana Februari inayofuata. Mwaloni mweupe huchanua na kuangusha kokwa mwaka huohuo. Mwekundu huchukua misimu miwili. Baridi kali ikichelewa hadi Aprili au Mei, inaunguza maua ya mwaloni mweupe na vuli hiyo mti unakuwa mtupu, ilhali mwekundu bado una kokwa za maua ya mwaka jana. Aina zote mbili zikikosa kwa pamoja, dubu hushuka kwenye barabara na mapipa ya taka ya mji jirani wa Gatlinburg. Zamani kulikuwa na mti mwingine wa kokwa, chestnati, uliochanua baada ya hatari ya baridi kupita na hivyo kuzaa kwa uhakika zaidi, lakini ugonjwa wa kuvu ulioonekana New York mwaka 1904 uliufyeka katika milima yote hii.

Kutoka Cades Cove tulipanda hadi Newfound Gap, pito la mlimani lenye mwinuko wa mita 1,538. Njiani, miti mikubwa yenye uwazi ndani ya shina ndiyo ya kuangalia. Dubu wa hapa hupenda kulala majira ya baridi humo, juu kabisa, ambako ni pakavu. Mapigo ya moyo hushuka kutoka 40 au 50 kwa dakika hadi 8 hivi, lakini joto la mwili hupungua nyuzi chache tu, ndiyo maana anaweza kuamka na kukimbia. Hali, hanywi, hakojoi. Yurea, taka ambayo kwa kawaida hutoka na mkojo, inarudishwa kutengeneza protini, na misuli haidhoofu sana. Watoto, mara nyingi wawili, huzaliwa humohumo mwishoni mwa Januari au Februari, vipofu, kila mmoja hazidi uzito wa soda ya kopo. Hutoka Machi au Aprili na kukaa na mama hadi kiangazi cha pili, hivyo jike huzaa kila baada ya miaka miwili.

Anayelala porini aning'inize chakula chote, na dawa ya meno pia, kwenye nyaya zilizowekwa kambini. Milango ya gari ifungwe kwa ufunguo. Dubu anajua kuvuta kitasa. Aliyezoea taka huishi nusu tu ya umri wa wenzake. Akikufuata, usikimbie: simama, piga kelele, tupa mawe. Akikushambulia, pigana, usijifanye umekufa.

Tulishukia upande wa Cherokee, North Carolina. Huku mialoni myeupe ilikuwa karibu mitupu na myekundu imejaa, kwa hiyo anayekuja Oktoba aanzie kwenye miteremko ya myekundu.