Vidonge vya tende na embe kavu kwa ajili ya shule

Maelekezo mengi ya vitafunwa visivyopikwa yametoka nchi za baridi. Yanasema uchanganye matunda makavu na mafuta ya nazi, kisha ugandishe kwenye friji. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na Dar joto hilo linapitwa mapema asubuhi. Ikifika chai ya saa nne, mtoto anakuta rojo kwenye kontena. Kwetu kinachotakiwa kushikilia mchanganyiko ni tende yenyewe.

Andaa tende gramu 250, zipimwe baada ya kutoa kokwa, karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 100, embe kavu gramu 60, iliki nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo sana. Hapo unapata vidonge kama 20.

Karanga zichambue moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe, maana huenda ina sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi. Zisage peke yake kwanza, ukibonyeza blenda na kuachia, mpaka ziwe kama chenga za mchele. Ukiiacha blenda izunguke mfululizo, mafuta yanatoka na vidonge vinateleza badala ya kushikana. Kinu na mchi vinatosha kabisa.

Tende ngumu ziloweke kwenye maji ya moto dakika 10, zichuje, kisha zikaushe vizuri kwa kitambaa safi. Wengi wanaharibu hapa kwa haraka. Maji yakibaki ndani, vidonge vinachacha mapema. Embe kavu likate kwa mkasi vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi; ukilitia kwenye blenda linajisokota kwenye visu.

Ponda tende, changanya vyote, halafu finya bonge kiganjani. Likibaki zima na alama za vidole zikaonekana, bila kukulowesha mkono, liko tayari. Likimeguka, ongeza tende, kamwe si maji. Likinata, ongeza kijiko kimoja cha unga wa ubuyu, ule mweupe usiotiwa rangi wala sukari. Unanyonya unyevu na kuleta uchachu mzuri unaopunguza utamu wa tende.

Viringisha kwenye ufuta uliokaangwa na kupoa. Anayependa nazi aikaange kwanza ile iliyokunwa, kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka mvuke ukome. Nazi mbichi haihimili joto la mkoba wa shule.

Kwenye friji, ndani ya chombo kinachobana, vinakaa wiki moja. Mfungie mtoto viwili tu pamoja na maji ya kunywa, kwa sababu tende ina sukari nyingi na inaganda kwenye meno. Aliye chini ya miaka 5 msagie karanga zilainike kabisa na umkatie kidonge vipande vidogo. Darasani kukiwa na mwenye mzio wa karanga, tumia mbegu za maboga kwa kipimo kilekile, na uoshe kwanza blenda na ubao.