Bei Niliyoinyamazia

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 nyeupe ya mwaka 1967, na lilikuwa limelala miaka 6 bila kuwashwa, chini ya mti wa mkungu katika ua wa nyumba moja ya mtaa wa Tudor, Mombasa. Mwenyewe, aliyenifundisha hesabu shule ya msingi, alifariki mwaka 2007, na mjane wake, ambaye tangu utotoni nimekuwa nikimwita Shangazi kwa ujirani wala si kwa damu, hakuwahi kujifunza kuendesha. Majani ya mkungu yalikuwa yameoza juu ya boneti yakaacha madoa ya kahawia yenye umbo la majani yenyewe, na upepo wa chumvi utokao mkono wa bahari ulikuwa umeila milango kwa chini, polepole, kama unavyokila kila chuma cha Mombasa. Nilipoinua mpira wa sakafuni upande wa dereva niliiona ardhi kupitia tundu la ukubwa wa kiganja, na siafu wakipita zao.

Hata hivyo lilikuwa gari kamili, kwa maana ya ukamilifu wanayoijua wapenzi wa magari ya zamani. Injini ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, na namba yake ililingana na ya kwenye logbuku. Gia ya usukani iliingia bila kulegalega, na taa za nyuma zilikuwa za asili, hazina hata ufa. Ndani ya dashibodi mlikuwa na daftari la shule ambamo Mwalimu aliandika kwa kalamu ya wino, kwa miaka yote aliyokuwa nalo, kila alichokifanya kwenye gari hilo: tarehe, maili, oili na filta, plagi 4, bei, na jina la fundi. Mtu asiyejua mambo haya angeliona ni daftari tu. Mimi nilijua kuwa daftari lile, peke yake, lingeweza kuongeza bei ya gari kwa makumi ya maelfu ya shilingi.

Wasioifahamu 404 huenda wakashangaa kwa nini watu wazima wapigiane simu usiku kwa ajili ya gari kuukuu. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ikalazwa ubavu kwa nyuzi 45 ili boneti lisiinuke. Lakini kwetu Afrika Mashariki sifa yake haikutokana na mchoro. Ilitokana na mashindano ya magari ya Safari Rally, ambayo 404 iliishinda mwaka 1963, kisha ikaishinda miaka 3 mfululizo: mwaka 1966 na 1967 akiiendesha Bert Shankland wa Tanzania, na mwaka 1968, ambapo ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, akiiendesha Nick Nowicki. Mwalimu alitusimulia hayo darasani kabla ya kufungua kitabu cha hesabu, na naamini ndiye aliyenitia ugonjwa huu.

Mashindano ya kumbukumbu ya magari ya zamani yalipoanza mwaka 2003, magari ya enzi ile yakirudi barabarani na mara kadhaa yakianzia au kuishia hapa hapa Mombasa, watu waliokuwa hawayajali wakaanza kuyatafuta. Tena sheria ya Kenya hairuhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, kwa hivyo yaliyomo ndiyo hayo hayo. Kila moja linalokatwakatwa na watu wa vyuma chakavu ni pungufu lisilozibika.

Shangazi aliniita mwezi wa Novemba 2013. Mvua za vuli zilikuwa zimekaza, na nilipoingia ukumbini nilikuta sufuria mbili na ndoo moja zimetandazwa sakafuni. Nilizikwepa, nikapita hadi uani. Aliniambia kwamba mnunuzi wa vyuma chakavu amemwahidi shilingi 25,000 na atakuja Jumamosi na gesi yake ya kukatia, lakini yeye moyo wake haujakubali, na angependa gari la marehemu lichukuliwe na mtu atakayelijua. Nilimpigia simu mwenzangu mmoja wa kundi letu la wapenzi wa magari ya zamani saa ile ile. Alikuwa mtu wa karibu yangu, mwenye mkono mzuri wa ufundi, na alikuwa akiitafuta 404 kwa miaka. Alisema anazo shilingi 80,000.

Nilipomtajia Shangazi bei hiyo alinyamaza kidogo, akajifunga kanga vizuri, kisha akaniuliza, “Hiyo ndiyo bei yake, mwanangu?”

Nikamjibu, “Shangazi, kwa gari lililolala miaka 6, ni bei nzuri.”

Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko maneno mengine yoyote niliyowahi kuyasema katika maisha yangu. Halikuwa uwongo wa moja kwa moja. Bei hiyo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya mnunuzi wa vyuma, na gari lingeokoka. Lakini miezi michache kabla yake nilikuwa nimeona kwa macho yangu 404 mbovu kuliko hiyo, isiyo na daftari wala taa zake za asili, ikinunuliwa Nairobi kwa zaidi ya shilingi 300,000. Nilijua, nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimelelewa ndani ya kundi letu nikiamini kwamba kuna bei mbili: bei ya sokoni, ambayo ni ya madalali na matajiri, na bei ya wenyewe, ambayo mpenzi humuuzia mpenzi ili gari lisitoke mikononi mwa wanaolithamini. Nilidhani namfanyia Shangazi hisani kwa kumwingiza katika bei ya wenyewe. Haikunipitikia kwamba yeye si mwenyewe katika jambo hilo, kwamba hana gari jingine atakalolinunua kesho kwa bei nafuu kutoka kwetu.

Brekdauni ikaja, gari likaondoka, na Shangazi akampa mwenzangu lile daftari kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye nilisikia kwamba gari liko Nairobi. Wakati ule tulikuwa tukikutana Jumapili asubuhi pale bustani ya Mama Ngina, kwenye mibuyu, kabla haijakarabatiwa mwaka 2019. Tunaegesha magari kwa safu, tunafungua maboneti, tunakunywa madafu na kubishana juu ya kabureta. Asubuhi hiyo hakuna aliyefungua boneti. Mwenzetu alikuwa ametumia kama shilingi 35,000 kwa betri, kabureta, breki na bati la sakafu, akalipiga rangi ya vipande vipande, kisha akamuuzia mtu wa Nairobi kwa shilingi 420,000. Wote walighadhibika. Mmoja alisema kwamba taa ya mbele ya kushoto alimpa yeye bure, kutoka kwenye akiba yake, kwa kuwa alidhani gari litabaki kwetu, na kumbe taa yake imeuzwa. Mwingine alisema kuwa mtu anayechukua zawadi za wenzake na kuzifanya mtaji hafai kukaa nao. Fundi mzee ambaye sote tunamheshimu alijaribu kuleta utulivu. Alisema yeye hukaa na gari bovu miezi 8 akilifufua, na faida anayoipata ni ujira wa jasho wala haoni haya kuipokea, lakini wiki tatu si jasho.

Nakubaliana na mzee yule hata leo. Sina ugomvi na faida. Lau si watu wanaonunua na kuuza, magari mengi ambayo leo twayaona yakiangaza yangekuwa yameshayeyushwa zamani. Lakini baraza lile lilipofika mahali pa kutunga kanuni, yaani kwamba kuanzia siku hiyo yeyote atakayenunua kwa bei ya wenyewe hataliuza gari nje kabla ya kuwapa wenzake nafasi ya kwanza kwa bei ile ile, na wote wakaitikia, na mimi nikaitikia, hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja mwanamke wa Tudor. Tulikuwa tumekasirika kwamba tumeibiwa sisi.

Nilikata shauri kwenda kwa Shangazi kabla hajasikia kwa watu. Sikutaka kwenda mikono mitupu. Nilimtafuta mwenye gari mpya, naye, kwa uungwana ambao sikuutarajia, akanitumia picha za kurasa zote za daftari, hata zile zisizoandikwa za mwisho. Nikazichapisha katika duka moja la Barabara ya Digo, zikashonwa zikawa kitabu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na yakini kwamba kitakachomuumiza ni kulikosa gari, kujua kwamba gari la mumewe limekwenda mbali na mtu asiyemjua, na kwamba mwandiko wa Mwalimu utamliwaza.

Alikipokea kile kitabu, akafunua kurasa mbili tatu, akakiweka juu ya kochi. Kisha akaniuliza, “Wameliuza kwa pesa ngapi?”

Nikamwambia.

“Na wewe siku ile ulijua?”

Nilitazama chini. Sufuria bado zilikuwa pale ukumbini, na moja ilikuwa imejaa maji karibu ya kumwagika. Nikasema, “Nilijua, Shangazi. Sikujua hasa kiasi gani, lakini nilijua ni nyingi kuliko zile.”

Hakupandisha sauti. Alikuwa amefundisha watoto katika chuo cha Kurani kwa miaka mingi, na alinieleza kwa upole ule ule wa kufundisha alifu kwa kijiti. Alisema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara ya bidhaa njiani, kabla hawajafika sokoni, wakanunua kwao kwa bei ya chini kwa kuwa wageni hao bado hawajajua bei ya mji. Na kwamba aliyeuza kwa namna hiyo, akifika sokoni akaijua bei, ana khiyari ya kuirudisha biashara nyuma. Akanitazama. “Mimi sikuwa na njia ya kufika sokoni, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa soko langu. Na sasa khiyari nitaifanyia nini, gari lishafika Nairobi?”

Kisha, kwa mara ya kwanza, akanionesha dari. Mafundi walikuwa wamempigia hesabu ya mabati na mbao tangu mwezi wa Agosti, na zile 80,000 zilitosha mbao tu. Kama angepata hata 200,000, alisema, asingelala akisikiliza matone. Gari alilipenda kwa sababu ya marehemu, lakini marehemu mwenyewe, lau angekuwa hai, angeliuza asubuhi yake ili mkewe asirowe.

Nilikwenda kwa mwenzangu usiku huo. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki aonekane hivyo. Aliniambia jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kwamba alinunua kwa bei ambayo mimi niliiita nzuri mbele ya muuzaji, muuzaji akaridhia, yeye akaridhia, na kwa hivyo biashara ilikuwa halali. Alikuwa na deni la karo, mteja alikuja na pesa taslimu, basi akauza. Tuliachana bila ya kupeana mikono.

Shangazi ndiye aliyepiga hesabu, mjane wa mwalimu wa hesabu. Katika 420,000 alitoa 80,000 alizozipokea na 35,000 za matengenezo, zikabaki 305,000. Nusu, alisema, ni ya aliyehangaika akapata mteja, hiyo haidai. Nusu nyingine, 152,500, ni haki yake. Nilimwambia nitailipa mimi, kidogo kidogo, shilingi 7,500 kila mwezi. Alifikiri nimesema kwa haya tu, akanitaka niseme tena. Nikasema tena.

Tangu wakati huo, mtu akiniita kutazama gari la mzazi wake, humtajia bei mbili waziwazi, anayoweza kuipata Nairobi kwa kungoja na anayoweza kuipata Mombasa kesho, nikamwachia achague mwenyewe. Wapo wenzangu ambao kwa ajili hiyo wameacha kunichukua wanapokwenda kununua. Baadhi yao ni marafiki wa miaka mingi, na jambo hilo bado huniuma.

Nilianza kulipa Januari 2014. Mara ya kwanza nilipompa zile 7,500 aliomba nimsogezee kile kitabu nilichokishonesha, akapekua hadi mwisho, mahali ambapo Mwalimu aliishia, na katika ukurasa uliofuata, uliotoka mtupu kwenye mashine, akapiga mistari kwa rula na kuandika tarehe, kiasi, na salio. Kila mwezi nilikuta kalamu imeshawekwa mezani. Mwezi wa Ramadhani mwaka huo mwenzangu alinifuata baada ya tarawehe, akanitia bahasha mkononi yenye shilingi 40,000, akaniomba nisimtaje. Niliifikisha kesho yake na kusema kwamba imetoka kwa mtu asiyetaka kutajwa.

Shangazi alizihesabu mara mbili. “Deni halilipwi na mtu asiye na jina,” akasema, akafungua ukurasa, akaandika jina la mwenzangu lote, la kwake na la babake na la babu yake, chini ya safu ya oili na filta.