Ramani ya kichocho na matende: usiipake kata nzima rangi moja

Ukiingia ofisi nyingi za afya huku Pwani ya Kenya, ramani ya magonjwa yaliyosahaulika utakayoonyeshwa imepaka kaunti ndogo nzima rangi moja. Rangi hiyo inatosha kuombea bajeti. Haitoshi kumwambia mhudumu wa afya ya jamii aanzie kijiji gani kesho asubuhi, na ndiyo sababu dawa hufika kwa wasiozihitaji huku watoto wanaokojoa damu wakingoja mwaka mwingine.

Kichocho ndicho kinachopotea zaidi ndani ya rangi moja. Utaratibu wa zamani wa kupima shule 5 kwa wilaya, watoto 50 kila shule, ulifaa kwa minyoo ya tumbo, ambayo huenea kwa mapana. Kichocho hufuata maji. Shule mbili zilizoachana kilomita 3 zaweza kutofautiana kabisa kwa sababu watoto wa moja huoga silangani, yaani kwenye bwawa la kuchimbwa, na wa nyingine wana bomba.

Basi anza na maji kabla ya watu. Konokono wa Bulinus, anayebeba kichocho cha kibofu, haishi maji ya chumvi, kwa hiyo ufuo wote na mdomo wa mto Sabaki unaoingiwa na bahari unaweza kuuacha. Chora maji baridi, yasiyo na chumvi: Galana, yaani Sabaki huko juu, inaposhuka kupitia Jilore, ziwa lenyewe la Jilore, vidimbwi vinavyobaki mto ukirudi baada ya mafuriko, mifereji ya umwagiliaji, silanga za mifugo pande za Langobaya na Marafa. Upande wa Lamu usiruke Ziwa Kenyatta pale Mpeketoni. Mkondo wenyewe wa Sabaki, wenye matope na kasi, haumfai konokono. Mtafute palipotulia penye majani.

Kila chanzo kitafutwe konokono kwa muda uleule, tuseme dakika 30 kwa mtu mmoja mwenye upawa wa wavu, la sivyo hesabu za silanga mbili hazilinganishiki. Vaa buti za mpira na glavu. Kumtambua Bulinus ni rahisi: mshike ncha juu, mdomo wa gamba ukutazame, mdomo ukiwa kushoto, yaelekea ndiye. Mtie kwenye kichupa cha maji safi juani karibu na adhuhuri, uangalie kama anatoa viluwiluwi vya kichocho. Na silanga iliyokauka usiifute kwenye ramani. Konokono hujizika matopeni wakingoja mvua, hivyo pahali palipo pakavu Februari pazuru tena baada ya masika.

Ukifika kwa watoto, saa ni kila kitu. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Timu inayochelewa barabarani na kuanza saa tisa itapata kijiji “kisafi” kwa uwongo. Tikisa kikombe kwanza kwa sababu mayai hutuama chini, vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, pitisha kwenye kichujio cha mikroni 12, hesabu. Mayai 50 au zaidi ni maambukizi mazito. Kijiti cha kupima damu kwenye mkojo ni cha haraka na cha bei nafuu, ila msichana aliye hedhini atasomeka mgonjwa, kwa hiyo aulizwe na mwanamke, faraghani.

Sasa lile linaloharibu ramani nyingi kuliko yote: nukta huwekwa shuleni. Mtoto hakuambukizwa darasani. Muulize anatoka kijiji gani, anachota wapi na anaoga wapi, kisha umfungamanishe na namba ya chanzo hicho cha maji. Ukifanya hivyo shule moja yenye wagonjwa 20 hugawanyika: 17 wanaoga silanga moja, watatu wametawanyika. Hapo unajua pa kwenda.

Kuhusu nukta zenyewe, makosa ni yaleyale kila mara. Malindi iko takriban latitudo -3.22, longitudo 40.12. Ukisahau alama ya kutoa, kisima chako kinaruka hadi kaunti ya Mandera, si mbali na Takaba. Ukibadilisha nafasi za namba hizo mbili, kinatua Uhispania, kusini mashariki mwa Madrid. Hayo yanaonekana upesi ukifungua programu ya ramani kama QGIS. Baya zaidi ni lisiloonekana: mtu kaandika nyuzi 3 na dakika 13 kama 3.13. Dakika 13 ni 13 gawanya kwa 60, yaani 0.217, na tofauti hiyo ni karibu kilomita 10. Nukta bado imo pwani, inaonekana sawa, na inapeleka dawa kijiji kingine. Weka simu zote kwenye mfumo wa desimali tangu mwanzo, desimali 5, na usikubali nukta kabla simu haijaonyesha usahihi wa mita 5 au chini.

Mji wa kale wa Lamu una shida yake. Vichochoro ni vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe ni nene na ndefu, na mawimbi ya setilaiti hugonga ukuta kabla ya kufika kwenye simu. Nyumba ya Mkomani inaangukia mtaa wa pili. Panda juu ya nyumba ukiruhusiwa, au fungua picha ya setilaiti kwenye simu, utafute paa pamoja na mwenyeji, uweke nukta kwa mkono.

Lamu kazi kubwa ni matende na mabusha. Mwaka 2018 kaunti hiyo ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini kupewa dawa tatu kwa pamoja: ivermectin, DEC na albendazole. Kipimo cha damu cha papo kwa papo kiitwacho FTS kinataka mikrolita 75 na kinasomwa dakika ya 10 kamili. Ukikisoma baadaye, mstari unaweza kujitokeza kwa mtu asiye na kitu. Ukitaka kuona vijinyoo vyenyewe vya matende kwa darubini, chukua damu kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, maana mchana hujificha. Kwenye ramani ya nyumba ongeza mazalio ya mbu aina ya Culex: vyoo vya shimo, mashimo ya maji machafu, na birika. Birika lenye samaki wadogo wanaokula viluwiluwi, kama wazee walivyozoea kufuga, liandikwe tofauti na lisilo na samaki.

Lengo la ugawaji ni angalau asilimia 65 ya watu wote, na hapo hesabu ya chini ya mstari, yaani idadi ya watu unayogawia, hudanganya. Tuseme daftari la kijiji kimoja kisiwani Pate lina watu 400, waliomeza dawa ni 270: asilimia 67.5, hongera. Lakini wavuvi 60 wako dagoni, kambi yao ya uvuvi, na hawamo daftarini. Kwa watu 460 umefikia asilimia 58.7. Kwa hiyo madago yachorwe kama vijiji, pamoja na miezi yanapokaliwa. Andika pia safari inavyokwenda: mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa, na dawa iliyokwama Mokowe, upande wa bara, haijamfikia mtu wa Faza kisiwani Pate.

Linganisho na takwimu za zamani lifanywe kwa uangalifu. Ugawaji wa dawa za matende ulianza Kilifi mwaka 2002, na “Malindi” ya nyaraka za enzi hizo ni wilaya iliyokuwa pamoja na Magarini. Si kaunti ndogo ya leo. Rudi kwenye majina ya vijiji.

Nukta za nyumba za wagonjwa zisibandikwe ukutani wala kutumwa WhatsApp. Mabusha yana aibu yake, na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data inamlinda mtu huyo. Ramani ya hadharani izungushwe hadi desimali 2, kama kilomita moja.

Nakala ya kazi ichapishwe kubwa, ipelekwe barazani kwa chifu, wazee na akina mama wanaochota maji. Wao ndio watakaosema silanga hii ina majina mawili, na ile mmeisahau. Kisha panga praziquantel, dawa ya kichocho, kwa chanzo cha maji: pale maambukizi yalipofika asilimia 10, mwongozo wa 2022 wa Shirika la Afya Duniani unataka watu kuanzia miaka 2 watibiwe kila mwaka, watu wazima wakiwemo, ila si wajawazito wa miezi mitatu ya kwanza. Dozi ni miligramu 40 kwa kilo. Mtoto wa kilo 30 humeza vidonge 2 vya miligramu 600, akiwa amekula. Silanga mpya ikichimbwa, iongezwe kwenye ramani mwezi huohuo, kabla watoto hawajaizoea.